Mtoto Mmoja ni Shilingi Ngapi? Hesabu za Mashirika ya Vijana Kiamaiko

Kabla jua halijapanda juu ya paa za Kiamaiko, mashariki mwa Nairobi, malori ya mbuzi huwa yameshafika. Mifugo imetoka Marsabit, Moyale, Isiolo na kwingineko kaskazini, imesafiri usiku kucha, na wanaoipokea wana hesabu zao kichwani: bei ya kununulia kule ilikotoka, nauli ya lori, mbuzi wangapi huenda wakafa njiani, ada ya machinjio, ujira wa mchinjaji na wa mchunaji, bei ya kilo siku hiyo. Kichwa na miguu vina mnunuzi wake, utumbo una wake, ngozi ina wake. Mwamshe mfanyabiashara wa hapo usingizini na atakwambia papo hapo mbuzi mmoja amemgharimu kiasi gani.

Hatua chache kutoka machinjioni, katika vyumba vya mabati na katika ghorofa za kupanga, kuna vikundi vinavyolea watoto na vijana wa mtaa huu: timu za soka, masomo ya jioni, ndondi, ngoma na maigizo, kompyuta, uzoaji wa taka, ushauri kwa wasichana. Waulize viongozi wake swali lile lile analojibu mwuza mbuzi. Mtoto mmoja anawagharimu shilingi ngapi kwa mwaka? Wengi watakutolea bajeti ya mradi waliyomwandikia mfadhili. Bajeti hiyo inaonyesha pesa za mfadhili zitakavyotumika hadi zitakapokwisha. Haisemi ni nani atakayelipa kodi ya chumba mwezi unaofuata, wala mlezi aliyezoewa na watoto atakuwa wapi mwaka ujao.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala hili zima. Vikundi vya Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, vinapanga kwa muda wa ruzuku, ilhali watoto vinaowahudumia wanakua kwa muda wa umri. Ruzuku huja kwa miezi 12, au 18, au miaka miwili ukibahatika. Mtoto anayeingia kikundini akiwa na miaka 10 anahitaji kushikwa mkono mpaka apite ule umri ambao mtaa humnyang'anya mzazi kijana wake, na hiyo ni miaka minane au zaidi. Katika kipindi hicho kikundi huenda kikapata wafadhili watano, kila mmoja na mada yake: mwaka huu UKIMWI, mwaka kesho amani wakati wa uchaguzi, kisha ujuzi wa dijitali, kisha mabadiliko ya tabianchi. Kila mfadhili ataandikiwa ripoti nzuri, na mtoto yule yule atahesabiwa upya kila mara kama mnufaika mpya.

Kiamaiko ni kata ya eneo bunge la Mathare, na sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 206,000 katika kaunti ndogo ya Mathare, wakiishi kwenye eneo la takriban kilomita 3 za mraba. Msongamano huo una athari za moja kwa moja kwenye mpango wa shirika lolote. Nafasi ni ghali kuliko kitu kingine chochote. Uwanja wa mpira ukishajengwa nyumba juu yake haurudi. Chumba kilicho karibu na mto ni cha bei rahisi, na mvua za Aprili na Mei 2024 zilionyesha sababu: Mto Mathare ulifurika, watu wakafa, kisha serikali ikaja na matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka ukingoni. Kikundi ambacho ofisi yake, mipira yake na vitabu vyake vilikuwa upande ule kilipoteza kwa wiki moja kilichokusanywa kwa miaka. Bado ni nadra kukuta mpango wa biashara wa shirika la vijana ulio na kifungu cha kuhama.

Kuna ugumu mwingine ambao wageni huwa hawauoni. Katiba ya Kenya inamtaja kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafika 35. Fedha nyingi za serikali zilizotengewa vijana zimefuata ufafanuzi huo: Hazina ya Maendeleo ya Biashara kwa Vijana iliyoanzishwa 2006, Hazina ya Uwezo, na ule utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Zote zinamngoja mtu mzima mwenye kitambulisho. Mtoto wa miaka 13 anayeacha shule ili kusukuma mkokoteni hana hazina inayomtazama kwa jina hilo la kijana, na huyo ndiye hasa ambaye vikundi vya mtaani vinajaribu kumwokoa. Basi kikundi hujikuta kinaomba pesa za wakubwa ili kiwahudumie wadogo, na kwenye ripoti kinaandika habari za wakubwa. Hata kwa wakubwa wenyewe, asiye na kitambulisho hawezi kuwa mtia sahihi wa akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu ya kupokelea malipo. Katika mtaa ambao wengi wana asili ya kaskazini, ambako kwa miongo mingi waombaji wa vitambulisho walipitishwa kwenye kamati maalumu za kuwachuja, kumsindikiza kijana hadi apate kitambulisho ni huduma kamili yenye gharama yake. Iandikwe kwenye mpango kama huduma nyingine zote.

Sasa tufanye hesabu. Nachukua mfano wa kikundi cha kubuni chenye watoto 60, ili msomaji aone namna ya kuhesabu kisha aweke tarakimu zake mwenyewe. Kodi ya vyumba viwili, shilingi 25,000 kwa mwezi. Walezi watatu wa kudumu kwa 22,000 kila mmoja, jumla 66,000. Chakula cha mchana cha shilingi 50 kwa mtoto, siku 20 za mwezi, kinafika 60,000. Umeme, maji na intaneti 9,000. Vifaa vya michezo na masomo 10,000. Ada za usajili, ukaguzi wa hesabu na gharama za benki, zikigawanywa kwa miezi, 5,000. Jumla ni 175,000 kwa mwezi, yaani shilingi 2,100,000 kwa mwaka. Gawanya kwa watoto 60, unapata 35,000 kwa kila mtoto. Zidisha kwa miaka minane, na kumlea mtoto mmoja kutoka miaka 10 hadi 18 kutagharimu shilingi 280,000 kwa bei za leo.

Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo hunyamazisha mkutano. Mtu akishaiona, maswali yanabadilika. Badala ya kuuliza ni mfadhili gani ametangaza ruzuku wiki hii, kamati inauliza kama inaweza kweli kuahidi watoto 60, au ianze na 25 ambao haitawaacha njiani. Mimi nachagua 25. Ninajua jibu hili halipendwi, kwa kuwa wafadhili wanapenda idadi kubwa, na viongozi wa vikundi wamefundishwa kuandika idadi kubwa. Lakini kumfungulia mtoto mlango kwa miezi 12 kisha kumfungia kunamfundisha jambo baya zaidi kuliko kutomfungulia kabisa.

Katika mfano huu pia nimewaita walezi watu wa kudumu, nikawawekea mshahara. Vikundi vingi huwaita watu hao wa kujitolea, vikawapa nauli, na kila mtu akajifanya haoni. Mlezi wa aina hiyo ataondoka siku atakayopata kibarua cha kujenga barabara, na hana kosa. Mradi wa serikali wa Kazi Mtaani ulipoanza mwaka 2020 na kuwalipa vijana wa mitaa ujira wa siku, haikuwa ajabu kwa kijana kuweka kando kikundi chake na kwenda kufagia mitaro, maana huko kulikuwa na malipo. Ukimwajiri mlezi kihalali, bajeti inapanda: mbali na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwajiri huongeza asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mlezi mwenyewe anakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya. Hizo ni gharama halisi za kazi halisi. Mpango unaozificha unategemea subira ya maskini.

Mfano mkubwa kuliko yote katika eneo hili uko jirani kabisa, na sijui kwa nini hausomwi kama somo la biashara. Chama cha Michezo cha Vijana cha Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987 kwa msaada wa Mkanada Bob Munro, wakati ambapo watoto wa Mathare walicheza mpira wa makaratasi katikati ya marundo ya taka. Uamuzi wa mwanzo ulikuwa wa ajabu kwa urahisi wake: timu ikisafisha mtaa inapata pointi, na pointi hizo zinaingia kwenye msimamo wa ligi pamoja na zile za uwanjani. Kutoka hapo vijana waliojitolea kufundisha wadogo, kupuliza firimbi na kuongoza kanda zao walikusanya alama zao wenyewe, na wenye alama nyingi wakalipiwa karo, pesa zikienda shuleni moja kwa moja. Wasichana waliingia 1992, na mwaka huo huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likakitambua chama hicho kwa tuzo ya Global 500.

Tazama kilichofanyika pale kwa macho ya mwuza mbuzi. Mtaa ulihitaji usafi, watoto walitaka mpira, shule zilitaka karo, na chama kilihitaji makocha ambao hakingeweza kuwalipa. Vitu hivyo vinne viliunganishwa hadi kimoja kikagharamia kingine, na shilingi chache zikafanya kazi ya shilingi nyingi. Mtoto aliyeingia na miaka 9 angeweza kuwa kapteni, kisha mwamuzi, kisha mwakilishi wa kanda, kisha mfanyakazi. Ngazi ilikuwa wazi machoni pake. Huo ndio mpango wa biashara ninaouheshimu, na ulifuata umri wa mtoto.

Habari yake ina upande wa pili. Timu ya wakubwa, Mathare United, ilizaliwa 1994 kutoka kwa vijana hao, ikachukua Kombe la Moi 1998 na ubingwa wa ligi kuu 2008. Klabu ya kulipwa ina matumizi ambayo ligi ya watoto haina, na soka la Kenya lilikuwa limeegemea nguzo chache mno. Mwaka 2017 SuperSport ilijitoa kwenye mkataba wa kurusha ligi hewani. Agosti 2019 SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa imeipa ligi jina lake, ikasitisha udhamini wake wote wa michezo nchini baada ya mzozo wa leseni na kodi. Katika miaka iliyofuata klabu nyingi zikayumba, na bingwa huyo wa zamani akashuka daraja. Kuhusu pesa za kamari nina msimamo: shirika linalolea vijana wa Eastlands, ambako dau la simu limemaliza mishahara na karo, lisizipokee, hata kama kodi ya nyumba imechelewa.

Kuegemea nguzo moja si kosa la wanamichezo peke yao. Januari 20, 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lake la misaada, na kufikia Julai 1 shirika lenyewe likawa limefungwa. Uingereza nayo ilitangaza Februari mwaka huo kwamba itapunguza misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027. Kikundi kidogo cha mtaani huenda hakijawahi kumwona mtu wa USAID, lakini shirika la katikati lililokipa ruzuku ndogo lilikuwa likila kutoka sufuria hiyo. Mpango mzuri huuliza pesa za mfadhili wetu zinatoka kwa nani. Wafadhili watatu wanaochota kisima kimoja ni mfadhili mmoja.

Kwa sababu hiyo siku hizi kila warsha inahubiri kujitegemea: anzisheni mradi wa kuingiza pesa. Nimesikia ushauri huu ukitolewa na watu ambao hawajawahi kuosha gari wala kubeba gunia la taka. Turudi kwenye kikundi chetu cha mfano. Tuseme kinazoa taka za nyumba 300 kwa shilingi 100 kwa mwezi, na wote wanalipa, jambo ambalo halitokei. Hizo ni 30,000. Toa magunia, ukarabati wa mkokoteni, malipo ya kutupia, na ujira wa vijana wanaofanya kazi yenyewe. Ikibaki 6,000 mshukuru Mungu. Gharama za kituo ni 175,000. Uzoaji taka umelipa chini ya asilimia nne.

Ina maana uzoaji taka hauna faida? Una faida kubwa, ukitambuliwa kwa jinsi ulivyo. Kwanza, unaajiri vijana wakubwa waliomaliza ngazi, kwa hiyo ni sehemu ya malezi. Pili, zile shilingi 6,000 hazina masharti, na pesa isiyo na masharti ina kazi ambayo pesa ya mfadhili haiwezi: kulipa ada ya usajili, kumlipa mkaguzi wa hesabu, kuweka akiba. Ni kosa kuzitumia kwa chakula, ambacho mfadhili au msikiti au kanisa la jirani litakubali kukigharamia, kisha kukosa ya kulipia ukaguzi ambao bila huo hakuna mfadhili mkubwa atakayekutazama. Kila shilingi ipelekwe pale ambapo shilingi ya mtu mwingine haifiki. BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh lililoanza 1972 na kufungua maduka yake ya Aarong mwaka 1978, hutajwa sana kama ushahidi kwamba biashara inaweza kulea shirika. Ni kweli, lakini maduka yale yalikuwa biashara ya watu wanaojua biashara, na yalichukua miaka mingi kukua.

Sheria nayo ina la kusema, na mhasibu wa kikundi anapaswa kuijua kabla ya kununua mashine ya kwanza ya kuoshea magari. Kikundi cha kijamii husajiliwa chini ya sheria ya vikundi ya mwaka 2022, inayotaka wanachama wasiopungua kumi. Shirika kubwa zaidi linaangukia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyotiwa sahihi 2013 na kuanza kutumika Mei 14, 2024, baada ya kusubiriwa miaka kumi na zaidi. Sheria hii inaruhusu shirika kufanya biashara halali, mradi mapato yote yarudi kwenye lengo la umma. Kwenye kodi ya mapato mlango ni mwembamba zaidi: faida ya biashara ya shirika la hisani husamehewa ikiwa biashara hiyo ni utekelezaji wa lengo lenyewe, au kazi inafanywa hasa na walengwa, au mapato ni ya kodi ya pango. Kwa hiyo karakana inayoendeshwa na vijana wanaofunzwa ina hoja ya kuomba msamaha. Duka la kawaida lenye wafanyakazi wa kuajiriwa huenda halina. Tofauti hiyo inaamua ni biashara ipi ya kuchagua, na ni vikundi vichache vinavyoiuliza mwanzoni.

Linabaki jambo gumu kuliko pesa, nalo ni kukataa. Huko Harlem, New York, shirika la watoto lililoongozwa na Geoffrey Canada lilikuwa limetawanyika likifanya mambo mengi mema sehemu nyingi. Likaamua kuchagua vitalu 24 tu vya nyumba kuanzia 1997, kumfuata mtoto wa hapo tangu akiwa mchanga hadi chuo, na lilipoandika mpango wake wa biashara likaachana na baadhi ya kazi zilizokuwa nje ya eneo hilo. Baadaye eneo likapanuka hadi karibu vitalu 100, na shirika likajulikana kama Harlem Children's Zone. Mapesa yao hayalinganishwi na yetu. Uamuzi wao unalinganishwa, kwa kuwa haukuhitaji pesa. Kikundi cha Kiamaiko kinaweza kusema leo: tutashughulika na watoto wa ghorofa hizi na vichochoro hivi, wa umri huu, kwa kazi hizi tatu, na tutamwelekeza mwenye shida nyingine kwa jirani anayeiweza. Mwanasiasa akija na fulana za mashindano ya siku moja, jibu litakuwa limeshaandikwa kwenye mpango.

Kifungu kimoja kisiachwe kwa hali yoyote, hata mpango ukiwa wa ukurasa mmoja. Machi 30, 2020, siku chache baada ya kafyu ya korona kuanza, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao hapa Kiamaiko. Shirika linalokusanya watoto jioni katika mtaa huu linatakiwa kujua saa ya kuwaachia, nani anawasindikiza, namba ya wakili, hospitali iliyo karibu na pesa ya kufikia huko, na nani anaruhusiwa kubaki chumbani na mtoto peke yake. Ulinzi wa mtoto una gharama, na gharama isiyoandikwa haitalipwa.

Kwa wafadhili nina ombi moja: lipeni kodi ya chumba. Kwa miaka mingi mmejivunia kutogharamia ofisi, kana kwamba watoto hufundishwa hewani. Hata serikali ya Marekani ilipandisha kiwango cha kawaida cha gharama hizo kutoka asilimia 10 hadi 15 Oktoba 2024, kabla ya kufunga bomba lenyewe miezi michache baadaye. Na mkipenda idadi, ulizeni idadi hii: kati ya watoto walioingia miaka mitano iliyopita, wangapi bado mnawajua kwa majina?

Kwa viongozi wa vikundi, ketini na mweka hazina wenu mkutano ujao, fungeni simu, mpige ile hesabu ya mtoto mmoja kwa tarakimu zenu wenyewe. Andikeni chini yake miaka, mtoto kwa mtoto. Aliyezaliwa Kiamaiko mwaka wa mafuriko, 2024, atatimiza miaka 10 mwaka 2034, na 18 mwaka 2042.